Fundi Saa na Boga la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka na basi la alfajiri. Amekwenda kumchukua mama yake. Mto umefurika kule kwao, maji yameingia ndani hadi juu ya vitanda, na shamba lote limebaki tope. Mama mkwe anakuja kuishi nasi. Kwa muda, amesema mke wangu. Alipotamka "kwa muda" aliangalia viatu vyake.

Ameniachia kazi moja. Moja tu! Nyuma ya jiko letu kuna mmea wa maboga, umetokana na mbegu alizotuletea mama mkwe mwenyewe alipokuja mara ya mwisho. Mbegu za mama yake, ambaye naye alizirithi kwa mama yake. Za kule zote zimekwenda na maji. Kwa hiyo ukoo mzima wa maboga yale umebaki hapa, kwenye mmea mmoja, na mmea una boga moja, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto mchanga. Mama mkwe akifika ataulizia boga kabla hajaulizia maji ya kunywa.

Mke wangu alisimama mlangoni na begi lake, akanishika shati kifuani. Mwagilia asubuhi, mwagilia jioni, basi. Usibuni kitu. Hilo la kubuni alilirudia.

Nikacheka. Mimi ni fundi saa. Jino likivunjika ndani ya saa ya mkononi, nalisikia kabla sijaifungua. Boga ni nini? Boga halina hata springi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita uani adhuhuri. Majani yamelala! Yamelegea kama mikono ya mtu aliyepewa habari mbaya.

Kiu, nikajua mara moja. Nikamwaga ndoo. Nikamwaga nyingine. Nikaona nisiwe bahili, nikaleta bomba. Sasa uani ni ziwa. Kandambili yangu moja imezama na sijaiona tena.

Jirani yetu Mkunga akachungulia juu ya ua wa mbao. Ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mtaa huu, wakiwemo wanangu wote, ambao sasa wana kwao, na hajachoka kuusimulia mtaa kwamba siku ya uzazi wa kwanza aliyehitaji kitanda zaidi nilikuwa mimi. Tena anadai saa ya ukutani niliyomtengenezea inakimbia kama imeiba. Saa ile haina kosa lolote. Yeye ndiye anayechelewa.

Akauliza kama nimeanza kufuga samaki. Upande wake naye ana mmea wa maboga, umestawi bila aibu, umetambaa kila mahali kama ndio mwenye nyumba. Bila shaka ni mbegu za dukani. Si kila mmea una ukoo.

Alhamisi, 6 Machi

Hali si nzuri. Hapana, niandike vizuri: hali inanipa nafasi ya kuonyesha uwezo.

Maji hayajasaidia. Nimevaa kile kioo cha kukuza ninachokibana jichoni kazini, nikapiga magoti kwenye tope. Chini ya shina, karibu kabisa na udongo, kuna kitundu. Mlangoni mwa kitundu kuna unga, mfano wa unga wa msumeno, lakini umelowa. Kuna kitu kinaishi humo na kinatupa taka nje. Mpangaji asiye na adabu!

Mkunga akasema kutoka ng'ambo ya ua kwamba huyo ni kiwavi, ametoboa shina na sasa anakula kutokea ndani, ndiyo maana majani yanalala. Nikamwambia najua. Nilikuwa sijui. Akasema nikitaka anaweza kupita kuniangalizia. Nikamwambia asante dada, mgonjwa huyu ana daktari wake.

Nikatafakari wakati wa chakula. Kitu kikikwama kwenye tundu jembamba, fundi hufanya nini? Hutia mafuta! Nikachukua chupa yangu ya mafuta ya saa, yale mepesi ya bei mbaya, nikajaza kitundu tone kwa tone. Kiwavi atateleza mwenyewe. Nimetega sahani ya chai chini ya shina ili adondokee hapo.

Sijui kwa nini wakulima hulalamika.

Ijumaa, 7 Machi

Sahani tupu. Unga umeongezeka maradufu. Inaelekea nimemlainishia kazi.

Nikaingia mpango wa pili: moshi. Nikawasha mkaa kwenye kopo, nikamimina pilipili kavu zote za mke wangu, nikatengeneza bomba la karatasi ngumu la kuelekeza moshi kitunduni. Kanuni ni sahihi. Ila upepo hauna kanuni. Uligeuka. Nilikohoa hadi nikakaa chini. Fundi cherehani wa nyumba ya mbele alifunga madirisha yote na kuuliza kwa sauti kubwa kama vita vimefika mtaani. Mkunga naye akatokea na kanga puani, akanimwagia maji kutoka juu ya ua, ndoo nzima, mimi na kopo langu. Alidai ameona moto. Mbona alikuwa anatabasamu?

Jioni mke wangu alipiga simu. Mama yake hali chakula vizuri, wala halali. Amepoteza nyumba, kuku, picha za marehemu baba mkwe, kila kitu, na hajatoa chozi. Anakaa tu. Kitu pekee anachouliza ni boga. Linaendeleaje?

Nikamwambia linanenepa. Sauti yangu ilikuwa imekwaruzwa na pilipili. Yeye akadhani nimeguswa na msiba wao. Akanishukuru. Akanishukuru kwa ile sauti ya zamani, ya tulipokuwa wachumba.

Baada ya simu nikaenda kulitazama boga. Bado lipo. Nimelifunika gunia lisipate baridi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda sokoni kwa muuza pembejeo. Si kwamba nilihitaji ushauri. Hata kisu kikali hunolewa.

Bwana yule anaongea polepole kama saa iliyochoka betri. Akaanza: dawa ya kupuliza haimfikii kiwavi akishaingia. Amejifungia humo kama mtu chumbani. Dawa yake, akasema, ni kulipasua shina kwa wembe, kumtoa...

Kulipasua! Nikamkatiza palepale. Kumbe ni upasuaji! Si angesema mapema? Mimi nina visu vidogo kuliko ukucha. Nina vibano vinavyoweza kuushika unywele. Fundi haambiwi mara mbili. Nilipokuwa nikitoka mlangoni alikuwa bado anaongea, kitu fulani kuhusu urefu, na kitu fulani kuhusu udongo. Urefu wa nini? Futi kamba ninayo nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Siku kubwa! Nimetandika kitambaa cheupe. Nimepanga vifaa. Nimenawa hadi viwiko. Mkunga alikuwa anaanua nguo, polepole sana, kila soksi kivyake. Nikampa mgongo.

Ili uone ndani ya mashine, unaifungua. Nikalizungushia shina kisu, taratibu, duara safi, kama ninavyofungua mgongo wa saa. Likafunguka. Na ndani, kiwavi! Mweupe, mnene, kichwa cha kahawia, ametulia kama mheshimiwa kwenye kiti cha mbele. Nikamvuta kwa kibano. Nyuma yake, mwingine. Nyuma yake, mwingine tena! Ukoo mzima! Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu siku niliyoifufua saa ya shule mbele ya wanafunzi wote.

Sikuwaua. Kiumbe ukishamtazama kwa kioo cha jicho, mnazoeana. Nilingoja Mkunga aingie ndani, kisha nikawarusha upande wake, mmoja mmoja. Ana nafasi. Ana majani ya kutosha. Na ndoo yake ya juzi sijaisahau.

Ndipo nikageuka kumfunga mgonjwa wangu. Shina lilikuwa vipande viwili.

Sisemi limeharibika. Nasema vipande viwili. Nimeliunganisha kwa gundi yangu ya vioo vya saa, nikalizungushia utepe, nikaliegemeza kwenye kijiti. Limesimama wima kama askari. Kitu kinachosimama kina matumaini.

Jumatatu, 10 Machi

Umekufa.

Majani yamesinyaa kama tumbaku. Boga nililigusa tu, likaniachia mkononi. Changa kabisa. Nimelikata: ndani ni maji na vijimbegu laini visivyofaa hata kuwapa ndege.

Nimekaa na nusu zake mapajani. Nikamwona yule mama, ametoka kwenye nyumba yenye tope hadi madirishani, amepanda basi na begi moja, anakuja kuona kitu kimoja tu duniani. Nikajihisi mdogo kuliko skrubu ya saa ya kike. Ni mara chache sana mimi hukosa la kufanya.

Kisha nikainua macho, nikauona ua.

Jumanne, 11 Machi

Mmea wa maboga hutambaa. Hiyo ndiyo tabia yake. Nani anaupangia utambae wapi?

Mkunga alikwenda sokoni. Mara moja nikalala kifudifudi kando ya ua, nikachungulia chini ya mbao. Upande wake, karibu sana, tawi nene lenye boga. Na boga lenyewe! Zito, la mistari, limefikia nusu ya kukomaa. Nikalivuta tawi taratibu kama ninavyovuta springi, bila kulikunja. Lilikuja lote hadi kwenye boga, na boga likagoma kupita. Ikabidi nichimbe chini ya ubao. Nilichimba kwa kijiko, kwa mwiko, mwishowe kwa mikono. Lilipopita nilitamani kulipigia makofi.

Nimelilaza pale alipokuwa marehemu boga letu. Nimechomeka kipande cha shina la zamani ardhini, pamoja na utepe wake, ili ionekane kila kitu kinaanzia hapo. Tundu la chini ya ua nimeliziba kwa gunia na beseni bovu.

Huu si wizi. Mizizi iko kwake, ananyweshea yeye. Boga liko kwangu, naliangalia mimi. Ni ushirika.

Alhamisi, 13 Machi

Wanafika kesho!

Mkunga ameuliza kama nimeliona boga lake. Nikamwambia siku hizi wezi wamezidi. Akasema ajabu ya mwizi huyu, amechukua boga na tawi lake. Nikamwambia wanasomea siku hizi. Akanitazama bila kupepesa, kama anayesubiri kichwa cha mtoto kitokeze. Nikakumbuka nina kazi ndani.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika yote, maana mkono bado una udongo na kichwa kinazunguka.

Walifika mchana. Mama mkwe amepungua. Amevaa gauni la kuazima, mikono imepotelea ndani ya mikono ya gauni. Nikamwamkia, nikampa kiti, mke wangu akaleta maji. Hakukaa. Hakunywa.

"Liko wapi?"

Nikatangulia uani kama mpiga tarumbeta. Alipoliona akapiga magoti. Akalipapasa, mstari kwa mstari, akaligonga kwa kidole akalisikiliza. Fundi kabisa! Halafu akaweka shavu lake juu yake.

"Ndilo," akasema. "Ndilo la mama."

Akalia. Mke wangu akaniambia kwa macho kwamba hajamwona akilia tangu mafuriko, akanishika mkono, akaubana. Na mimi machozi yakanitoka. Nilikuwa karibu kuamini. Lakini ndani kabisa nikashangaa: boga la dukani la Mkunga limewezaje kumdanganya mama wa watu kiasi hiki? Nikahitimisha kwamba nimelilaza kwa ustadi.

Mama mkwe akajifuta macho. Akasema mmea uliozaa hivi lazima auone shina lake. Akaanza kulifuata tawi kwa mikono, akiwa vilevile kwenye magoti. Nikamwambia kiti kiko ndani. Nikamwambia safari imemchosha. Nikamwambia jua hili si zuri kwa wazee. Akakipita kipande changu cha shina bila kukitazama. Akalisukuma beseni. Akalitupa gunia. Akaingiza mkono chini ya ua.

Na kutoka upande wa pili, juu ya tawi hilohilo, ukaja mkono mwingine.

"Nani wewe?" akauliza mama mkwe.

"Mwenye mmea," ikasema sauti ya Mkunga. "Nalifuata boga langu. Na wewe?"

"Mwenye boga."

Mke wangu akaachia mkono wangu.

Yeye ndiye aliyesema. Kumbe siku aliyopanda mbegu za mama yake, alimpa Mkunga nusu yake azipande ng'ambo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mtu anayeishi na fundi huweka akiba kwa jirani. Kwa hiyo lile boga lilikuwa ndilo! La ukoo uleule! Nilitaka kueleza kwamba basi sikumdanganya mtu, lakini mama mkwe alikuwa amekiona kipande changu cha shina. Akaking'oa. Akakigeuza. Akauvua utepe.

"Baba," akasema, "umelifunga kwa gundi?"

"Gundi nzuri, Mama. Ya vioo."

Midomo yake ikatetemeka. Nikajiandaa kwa laana. Badala yake akacheka. Kwanza kidogo, kama anakohoa, kisha akashindwa kujizuia, akaegemea ua, akawa anasema "ya vioo" na kuanza upya. Na ng'ambo ya ua Mkunga naye akaanza. Mke wangu alijikaza, akashindwa. Walicheka wote watatu mpaka mbao zikatikisika. Nikacheka pia, kwa adabu.

Mkunga ndiye aliyekatiza. Alisema heri tumekutana, maana mmea wake nao tangu jana unalaza majani mchana. Tukazunguka wote kwake. Chini ya shina: kitundu. Mlangoni: unga. Wapangaji wangu! Mkunga akaapa kwamba hajawahi kupata kiwavi hata mmoja bustanini mwake, sijui wametoka wapi. Nikasema maumbile yana siri nyingi. Mke wangu alinitazama muda mrefu.

Mkunga akaleta wembe na beseni la maji. Mama mkwe akalishika shina kwa vidole viwili. Hawakuulizana kitu. Wembe ukapita kwa kulifuata shina, toka kitunduni kwenda juu, mpasuko mfupi wa wima. Kwa urefu! Kumbe ndiyo ile habari ya urefu! Mama mkwe akamchomoa wa kwanza kwa ukucha, akamweka chini, akamkanyaga kwa kisigino bila chuki. Akamchomoa mwingine. Shina likajifunga lenyewe kama mdomo. Wakalifukia jeraha kwa udongo wenye maji, na huko mbele wakafukia vifundo vya tawi pia, ili mmea uote mizizi mipya hata ile ya zamani ikishindwa. Mama mkwe akaubana udongo kwa viganja, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Atapona?" akauliza.

"Wengi wangu walipona," akasema Mkunga.

Mimi nilishika kopo la maji. Wembe ulipoingia nilisikia kizunguzungu kidogo. Jua.

Jumamosi, 22 Machi

Umepona! Majani yamesimama adhuhuri, mapana kama sinia. Boga halijarudishwa, Mkunga amekataza lisisumbuliwe, basi linanenepa kwetu kwa mizizi ya kwake. Mbao mbili za ua zimeondolewa ili mama mkwe apite. Kila alasiri wanakaa hapo mlangoni, yeye na Mkunga, wanamenya kunde na kuninyamazia nikipita. Mama mkwe analala sasa. Mke wangu anaimba akifua.

Mbegu zikikomaa zitagawiwa nyumba kadhaa za mtaa. Zote zimetajwa. Yetu itawakilishwa na mke wangu. Mimi naruhusiwa kulitazama boga kupitia dirisha la jikoni, na mama mkwe amesema dirisha lenyewe lisifunguliwe.

Jumatatu, 24 Machi

Nimelipitia jambo lote kwa kichwa kilichotulia. Nani aliwakutanisha wazee hawa wawili? Nani aliyemfanya mama mkwe acheke? Nani alilivusha boga chini ya ua kwa mwiko bila kulikwaruza? Nani, kwa kweli, aliupatia mmea wa Mkunga ugonjwa ambao ulituunganisha? Mtu mwenye haya angenyamaza. Lakini kipaji kikifichwa ni dhambi.

Leo nimepaka rangi ubao na kuutundika dukani, juu kabisa ya saa: DAKTARI WA MIMEA. UPASUAJI WA MASHINA. MATOKEO YANAONEKANA.

Mgonjwa wa kwanza nimeshampata. Mpapai wa daktari wa meno, ule wa kona. Una jani moja la njano. Mwenyewe amesafiri hadi keshokutwa, na geti lake halina kufuli. Nimeusikiliza mpapai ule kwa sikio langu mwenyewe na nina hakika kuna kiwavi ndani, tena mkubwa. Kwa shina nene kama lile wembe ni mchezo wa watoto. Fundi seremala ameniazima drili, hakuuliza hata ya kazi gani. Watu wameanza kuniamini.

Mwenye mpapai sina wasiwasi naye. Ni daktari wa meno. Kutoboa ataelewa.